Bafu Kabla ya Eda Kuisha

Arua, 22 Aprili 2025

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio sina la kusema juu yake.

Jana Sule aliposhusha ule unga wako aliniambia ulianguka bafuni. Nikamwuliza mara tatu, nikidhani anachanganya. Wewe kwenye barua umeandika tu kwamba mguu unauma kidogo. Mama, una miaka sitini na tisa, na masikio yako yameshakufa. Ukianguka mle ndani na komeo limefungwa, nani atajua? Mtu akigonga hutamsikia, na yeye hatajua kama humsikii au umeshakwenda. Tangu jana nawaza jambo hilo tu.

Ningekuja leo hii. Lakini unajua nilivyofungwa. Tangu Tahiru anifie tarehe mbili Februari niko ndani ya hii nyumba yake, na eda yangu haiishi mpaka tarehe tisa Juni. Simu mama mkwe ameifungia sandukuni, eti mjane hapigiwi simu. Sikubishana naye, kwa sababu wewe hata ukipigiwa husikii. Bila Sule na gari lake tungekuwa hatujuani hali.

Kwa hiyo nimepata fundi. Anaitwa Jacques, Mkongomani, alijenga bafu la msikiti wa mtaa wetu na mpaka leo halijapata ufa. Nimemweleza kupitia Sule ninachotaka. Sitaki bafu la kupendeza, nataka la kudumu. Ile ngazi ya mlangoni itoke, uingie bila kuinua mguu. Mlango ufunguke kwa nje, ili ukianguka nyuma yake watu waweze kuuvuta. Vigae viwe vya kukwaruza, vile vya kung'aa sivitaki hata kuviona. Sakafu iwe na mteremko, maji yasisimame. Ajenge kibaraza cha zege cha kukalia ukioga, na bomba la chuma ukutani la kushika, lizamishwe ndani ya tofali, si la kufungwa kwa misumari.

Tafadhali usimfukuze.

Mwanao,
Medina


Koboko, 25 Aprili 2025

Mwanangu Medina,

Waaleikum salaam. Huyo Sule ana mdomo mrefu kuliko gari lake. Sikuanguka. Niliteleza, nikakaa. Mtu akikaa hajaanguka.

Fundi amefika. Nimemwuliza kwao wapi, akaniandikia Aru, kwenye karatasi ya mfuko wa simenti. Aru mimi nimeishi miaka sita ya ukimbizi, wewe ulizaliwa hapo, basi nimempa chai. Tunasema kwa hiyo karatasi na kipande cha mkaa. Ni mtu wa adabu, ila anagonga gonga kila kitu.

Mpango wako ni mzuri. Lakini sakafu isiguswe. Aweke vigae juu yake. Marehemu baba yako Asuman aliijenga kwa mkono wake mwaka tuliorudi, naye alikuwa askari, kazi yake ilikuwa kazi. Na vigae nataka vyeupe. Tarehe tisa Juni utakuja hapa kwangu kuoga maji ya kutoka eda. Nitakuogesha mimi. Bafu liwe safi kwa siku hiyo, hilo tu ndilo nataka duniani.

Kaa ndani. Usitoke. Maneno ya watu wa Arua nayajua.

Mama yako,
Zam


Koboko, 2 Mei 2025

Dada Medina,

Jambo sana. Mimi ni Jacques, fundi. Nakuandikia hii barua kwa siri, nimemwambia Sule akupe mukononi. Mama yako hajui.

Dada, sakafu iko mubaya. Nilipiga nyundo kila kona. Karibu na mulango inalia muzuri, sawa udongo. Katikati inalia sawa debe tupu. Nikamwita mama, nikapiga tena, nikamwandikia: sikia. Akanicheka, akasema yeye hasikii kitu. Ni kweli, hasikii.

Nikachukua nondo, nikaipitisha kwa tundu ya maji. Nondo ya urefu wa watu wawili. Iliingia yote. Mukono yangu ikabaki na kipande kidogo, na chini haijagusa kitu. Niliogopa, nikatoka mule na magoti.

Chini kuna choo ya zamani. Wale walirudi vitani zamani hawakujaza shimo na mawe. Waliweka magogo, juu yake bati ya pipa, juu udongo, halafu simenti kidogo. Nimeona nyingi huku Koboko, ile ilikuwa kazi ya haraka, ya kambi ya wakimbizi. Magogo yanakaa miaka makumi tatu. Halafu muchwa wanamaliza. Nondo yangu ilitoka na unga wa mbao.

Mama anaoga pale kila asubuhi. Nimemwandikia: mama usioge hapa. Anasema fundi wa siku hizi wanapenda kuvunja. Mimi siwezi kumukataza mutu kuoga kwa nyumba yake. Wewe muambie.

Jacques


Arua, 3 Mei 2025

Kaka Jacques,

Barua yako nimeisoma. Tafadhali usiondoke hapo kwa Mama. Nipe siku chache nimwandikie kwa akili. Nikisema moja kwa moja atakufukuza, namjua. Ukiweza, laza ubao pale juu ya sakafu, au ibomoe ngazi ya mlangoni asiweze kuingia. Fanya lolote asikanyage katikati.

Medina


Arua, 3 Mei 2025

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Nimekubali vigae vyeupe, mradi viwe vya kukwaruza. Ila fundi wa huku ameniambia kwamba kabla ya kubandika vigae sakafu lazima ikauke kabisa, isiguswe na maji hata wiki mbili, la sivyo gundi haishiki. Basi naomba uogee nyuma ya jiko. Soka jirani yako si anasuka mikeka? Akuzungushie mmoja. Ni wiki mbili tu.

Mwanao,
Medina


Koboko, 6 Mei 2025

Mwanangu,

Wewe tangu utotoni ukidanganya unaandika kifupi.

Nani anakuandikia? Fundi juzi ameweka mbao nne juu ya sakafu yangu, nimezitoa. Jana amevunja ngazi ya mlangoni kabla ya wakati wake, nimeweka mawe mawili nikapanda. Mimi sio mtoto. Nimeoga mle miaka karibu arobaini. Nyuma ya jiko sitaoga, mjane wa Asuman hazungushiwi mkeka kama mgeni.

Nimemwambia kama hataki kubandika vigae arudi Aru. Muda unakwisha. Zimebaki wiki tano.

Zam


Arua, 9 Mei 2025

Mama,

Sasa nasema wazi. Chini ya sakafu yako kuna shimo. Jacques ameingiza nondo ya urefu wa watu wawili na haikugusa chini. Magogo yameliwa na mchwa. Unachokanyaga kila alfajiri ni simenti nyembamba juu ya hewa, Mama, na ndoo ya maji juu yake, na wewe.

Naogopa. Sijui niliandike vipi hili neno lifike kwako. Kila alfajiri naamka kuswali, najua saa ile wewe unachukua birika unaingia, na mimi nasujudu nikihesabu mpaka nadhani umetoka. Halafu mchana kutwa nasubiri Sule aje bila habari. Tahiru nilimpeleka hospitali akiwa anatembea, akaniambia nirudi nyumbani nimpikie uji. Niliporudi na uji walikuwa wameshamfunika. Mimi sitapika uji mara ya pili.

Jumatano tarehe kumi na nne nakuja. Eda au si eda. Nimemwuliza mke wa shehe, akasema kwa dharura mjane anaweza kutoka mchana akarudi kulala. Mama mkwe anasema nikivuka kizingiti nisirudi. Basi sitarudi.

Medina


Koboko, 11 Mei 2025

Mwanangu,

Usije.

Nakuomba, nami sijawahi kukuomba. Ukivuka kizingiti cha mkweo Latifah kabla ya siku, mpaka unaingia kaburini watasema Medina hakumkalia mumewe eda. Watoto wako huko shuleni wataambiwa. Usinifanyie hivyo, na usijifanyie.

Nimekubali. Fundi atavunja sakafu Jumanne, tarehe kumi na tatu, kabla ya hiyo Jumatano yako. Yeye anataka kungoja, anasema mvua imelowesha ardhi, anataka kwanza kukata magogo mapya ya kusimamia. Nimemwambia hapana, Jumanne. Atajifunga kamba. Mimi nitaishika.

Jumanne saa tisa Sule atakuletea barua. Ukiipata, kaa ndani. Usipoipata, fanya unavyotaka.

Zam


Arua, Jumanne 13 Mei 2025

Mama,

Ni saa kumi na nusu. Sule hajafika.

Naandika kwa sababu mikono inataka kazi. Mvua imenyesha tangu saa nne, huku Arua barabara imegeuka tope, nikasema labda gari limekwama. Saa tisa na nusu nikasikia honi, nikakimbia mpaka mlangoni, nikasimama kwenye kizingiti hapo hapo. Lilikuwa gari la kwenda Inde sokoni.

Ni mimi niliyesema Jumatano. Nisingesema, fundi angengoja magogo yake. Umeharakisha kwa sababu yangu, kwenye mvua, na mwanamume mwenye watoto wake Aru ameshuka kwenye shimo kwa sababu yangu, na kamba ameishika bibi asiyesikia. Akipiga kelele, Mama, utajuaje?

Kesho alfajiri natoka. Nguo nimeziweka kwenye mfuko. Mama mkwe ameuona huo mfuko. Barua hii sijui nimpe nani, wala sijui kama kuna wa kuisoma.

Medina


Koboko, 13 Mei, saa kumi na mbili

Dada Medina,

Naandika ni mimi Jacques. Niko muzima. Mama iko muzima. Nimeweka hayo mbele ili usome nyingine polepole. Sule alikwama kwa tope ya Kuluba, atatoka alfajiri sana.

Mama anasema, mimi naandika, sababu mikono yake imefungwa vitambaa. Anasoma juu ya bega yangu, kwa hivyo siwezi kubadilisha.

Anasema: Kamba tuliizungusha mara mbili kwenye mparachichi, ncha nikaishika mimi. Tulikubaliana, akivuta mara moja nilegeze, akivuta mara mbili nimwite Soka. Alianza kuvunja kwenye ukuta, pole pole. Alipiga mara tatu. Halafu nikaona mlango wa bafu umebaki na ndani hamna mtu.

(Mimi Jacques nasema: sakafu yote ilienda mara moja. Sikupata hata kusema neno.)

Anasema: Kamba ikanivuta mpaka mti. Ikapita mikononi, ikachuna ngozi. Nikakaa chini, nikaweka miguu kwenye mzizi, nikashika. Nikapiga kelele ya Soka lakini sauti yangu mimi siisikii, sikujua kama inatoka. Fundi naye sikujua kama analia ama amekufa. Nilishika kamba tu nikaingoja. Haikutikisika. Nilisoma Kul huwallahu zote ninazoweza. Halafu ikavutwa, moja, mbili. Medina, hapo nilikojoa. Andika hivyo, Jacques, usione haya.

Soka alikuja na ndugu zake wawili, wakamtoa. Amechubuka mbavu.

(Nimechubuka kidogo tu. Mama yako iko na nguvu ya ng'ombe.)

Sasa andika hili, na umwandikie wote. Nilijua.

(Dada, hapa nimesimamisha kalamu. Amenigonga na kiwiko, anasema endelea.)

Nilijua tangu siku ya kwanza. Shimo lile Asuman alilifunika nikiwa nimemshikia taa. Magogo tulibeba pamoja kutoka Midia. Simenti ilikuwa hakuna, tukapata mfuko mmoja. Akasema itatufaa miaka kumi, tutajenga tena. Akafa kabla. Masikio yangu yamekufa lakini miguu inasikia. Miaka miwili sasa, nikitua ndoo, sakafu inatetemeka mpaka magotini. Nikawa naiweka pole pole kama yai.

Sikusema, kwa sababu ningesema ungevunja eda ukaja. Na bafu lingebomolewa, tarehe tisa lisingekuwepo. Ungeogeshwa huko kwa Latifah, na wale waliokunyang'anya simu. Mimi nilipotoka eda ya baba yako, mama yangu alikuwa amebaki Sudan, njia zimefungwa. Niliogeshwa na mwanamke wa kuitwa. Maji yalikuwa baridi na alikuwa na haraka. Mikono ya mtu nisiyemjua. Nililia kwa ajili ya hiyo mikono kuliko nilivyomlilia Asuman. Nikaapa wewe hutaogeshwa na mtu baki.

Kwa hiyo nilioga juu ya shimo, na fundi wa watu karibu nimwue. Nimemwomba msamaha. Amenisamehe haraka mno, nadhani ni kwa uoga.

(Si uoga. Nimemusamehe.)

Bafu halipo tena. Kaa ndani, mwanangu. Sasa hakuna cha kukimbilia.

Zam
kwa mukono ya Jacques


Arua, 15 Mei 2025

Mama yangu,

Sule alinikuta mlangoni na mfuko. Niliisoma barua hapo hapo. Nilipofika pale kamba haikutikisika sikuweza kuendelea, mama mkwe akaichukua akanisomea. Alisoma yote kwa sauti, hata yale maneno yanayomhusu yeye. Alipomaliza akaikunja. Kisha akaenda sandukuni akanirudishia simu. Akasema, "Ukitaka kwenda, nenda. Nitasema nimekutuma mimi."

Sijaenda. Nimebaki kwa sababu uliniomba, na hujawahi kuniomba.

Nimekasirika nawe, Mama. Nimekasirika mpaka kichwa kinauma. Ulikuwa unatua ndoo kama yai, na mimi huku nasujudu nikihesabu, na wewe unajua.

Kaka Jacques, najua unamshikia karatasi asome. Nisamehe ile Jumatano yangu. Na mwambie asiogope juu ya bafu. Jenga kwingine, kwenye ardhi ambayo haijachimbwa na mtu. Lile shimo lijazwe mawe na udongo mwekundu, lishindiliwe, pabaki wazi, pasijengwe kitu. Kazi isipoisha tarehe tisa, isiishe. Usiharakishe tena kwa ajili yangu.

Mama, kuna jambo sijamwambia mtu. Nilikuwa naogopa ile sakafu, kweli. Lakini tarehe tisa naiogopa zaidi. Sasa hivi nikiwa ndani, nguo zake ziko ukutani, naweza kujidanganya kwamba nipo hapa kwa sababu yake, kwamba bado kuna kazi namfanyia. Nikishaogeshwa, nitatoka nje na Tahiru atakuwa amekufa kweli. Sijui nikikanyaga huko nje kuna nini chini.

Medina


Koboko, 5 Juni 2025

Mwanangu Medina,

Waaleikum salaam. Kesho ni Idi. Hii naandika mwenyewe, vidole vimeanza kukunjika, usicheke maandishi.

Bafu liko hatua ishirini kutoka pale pa zamani, upande wa jiko. Fundi alichimba kwanza mpaka kiuno kila kona kuona kama kuna shimo la mtu. Hamna, ni udongo tangu dunia iumbwe. Ameweka mawe, ameweka nondo, zege ameimwagilia maji asubuhi na jioni mpaka nikamwonea huruma. Maji yanakwenda mbali, kwenye shimo lake la mawe. Kibaraza kipo. Bomba la kushika amelipima kwa mkono wangu, si kwa mkono wake, likazama kwenye tofali kama ulivyosema. Mlango unafunguka nje. Vigae ni vya kukwaruza. Si vyeupe, ni vya kijivu, vyeupe vya namna hiyo hakupata. Bati bado. Ikinyesha tutalowa, lakini tutakuwa tunaoga.

Hasira yako ni halali yako, kaa nayo. Mimi nami nimekaa na yangu juu ya Asuman wiki tatu hizi, kwa lile neno lake la miaka kumi.

Kuhusu hilo ulilouliza mwisho. Mimi nilitoka eda miaka thelathini na nne iliyopita, nikakanyaga nje nikaona uani kuna kuku na majani hayajafagiwa. Nikachukua ufagio. Asuman alikuwa amekufa kweli, ni kama ulivyosema. Sikupata kitu kingine cha kukuambia, nimekitafuta sana.

Leo asubuhi nimemwambia Jacques agonge sakafu yote, kigae kwa kigae, kutoka mlangoni mpaka ukutani. Nimepiga magoti, nimeweka kiganja changu kila alipogonga. Ngozi mpya inasikia vizuri kuliko ile ya zamani. Haitetemeki popote. Pale katikati nimemwambia agonge mara ya pili.

Jumatatu maji nitayateleka baada ya alfajiri, yawe ya moto. Njoo na Latifah kama anataka kuja, atakaa nje atushikie taulo. Ndani tutaingia wawili.

Mama yako,
Zam